Mliowahi kukutwa na Holi mkiwa India, tupeane uzoefu

Msafiri wa Pune
Wanajamvi, jana jioni nilipita mtaa wa Kisutu hapa Dar es Salaam, nikaona kuni zinapangwa uani mwa hekalu moja, na papo hapo nikarudi moyoni mwangu Pune, nilikosoma miaka minne. Holi, ile sikukuu ya Wahindu ya kupakana rangi, mwaka 2024 iliangukia tarehe 25 Machi, katikati ya Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga. Wenzangu wa hosteli walinibishia mlango asubuhi wakiwa na bakuli za gulal, ule unga laini wa rangi, nikawaambia kwamba sinywi wala sili mpaka magharibi na kwamba sitaki maji yaniingie mdomoni. Waliondoka bila neno. Jua lilipozama walirudi na tende, tukafuturu pamoja, kisha wakanipaka mashavu yote mawili. Nani mwingine ana kumbukumbu?

Mtoto wa Nyegezi
Nami nilikuwa Jaipur, na ninakubaliana nawe kuhusu ukarimu wao, ingawa huko maputo ya maji yalianza kutudondokea kutoka juu ya mapaa wiki nzima kabla ya sikukuu yenyewe.

Mpenda Historia
Ni vyema wasomaji wafahamu kwamba Holi ni sikukuu ya Krishna, mmoja wa miungu ya Wahindu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mchanga alinyonyeshwa maziwa yenye sumu na jini aitwaye Putana, ngozi yake ikageuka kuwa ya samawati. Alipokua akamlalamikia mama yake, Yashoda, kwamba Radha, msichana aliyempenda, ni mweupe ilhali yeye hayuko hivyo, na mama akamjibu ampake Radha rangi yoyote aipendayo. Ndiyo maana hadi leo wanaume wa Nandgaon huenda Barsana, kijiji cha Radha, wakapigwa fimbo na wanawake huku wakijikinga kwa ngao, na umati wa watu husafiri kwenda kuwatazama.

Mzaliwa wa Kisutu
Ndugu yangu, mimi ni Mhindu wa hapa hapa Dar es Salaam, babu zangu walitoka Gujarat, na umeanza hadithi katikati. Jina Holi linatokana na Holika. Mfalme Hiranyakashipu alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha yoyote, akajiona mungu. Mwanawe Prahlad akakataa kumwabudu, akaendelea kumwabudu mungu Vishnu. Holika, dada wa mfalme, ambaye moto haukuweza kumdhuru, akampakata mtoto yule na kuketi naye ndani ya moto. Holika akateketea, Prahlad akatoka salama. Baadaye Vishnu akaja kwa umbo la Narasimha, nusu mtu na nusu simba, akamkamata mfalme wakati wa magharibi, juu ya kizingiti, akamlaza pajani na kumrarua kwa kucha, hivyo kila kipengele cha ahadi kikatimia na bado akafa. Moto unaouona Kisutu ni huo, nao huwashwa usiku wa mwezi mpevu wa Phalguna, mmoja wa miezi ya kalenda yetu ya Kihindu. Rangi huja kesho yake, na sisi siku hiyo huiita Dhuleti.

Mpenda Historia
Sikukana habari ya moto. Nilizungumzia rangi, na rangi ni za Krishna.

Mzaliwa wa Kisutu
Uliandika "Holi ni sikukuu ya Krishna". Hakuna rangi bila moto wa jana yake.

Binti wa Ngamiani
Nimesoma yote mliyoandika na mkono unanitetemeka, kwa kuwa kwangu mimi Holi ina harufu ya dawa ya hospitali. Mwaka 2019 nilimpeleka baba yangu Delhi kutibiwa figo, tukapanga chumba kwenye nyumba ya wageni iliyo mwendo wa kama kilomita mbili kutoka hospitali. Alikuwa akisafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kupitia mpira uliowekwa shingoni, na wauguzi walikuwa wamenionya mara nyingi kwamba pale mpira unapoingia mwilini pasiguswe na maji, kwa sababu uchafu ukipenya hapo huingia moja kwa moja kwenye damu.

Holi ya mwaka ule ilikuwa Alhamisi, tarehe 21 Machi. Hakuna aliyetuambia kwamba siku hiyo treni za metro za Delhi hazianzi kazi mpaka saa nane na nusu mchana, wala kwamba bajaji huadimika barabarani tangu asubuhi. Tulikuwa tunatakiwa hospitali saa tatu. Tulisubiri mpaka saa nne kasoro, baba miguu imevimba na pumzi zimeanza kumwishia, nikaamua tutembee polepole.

Katika kichochoro cha pili tukakutana na vijana kumi au zaidi, nyuso zao za kijani na za fedha. Nilipiga kelele kwa Kiingereza, nikapiga kwa Kiswahili, nikawaonyesha shingo ya baba, lakini ngoma zao zilinishinda sauti. Wakaitikia "Bura na mano, Holi hai", yaani usichukie, ni Holi, na ndoo ikamwagwa. Maji mekundu yakamshukia baba kuanzia utosini, plasta ikalowa, na kwa muda sikuweza kutofautisha rangi na damu. Niliketi naye pale pale chini, nikamfunika shingo kwa kanga yangu, nikalia.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyetoka nyumba ya jirani, naye amepakwa rangi mpaka masikioni. Aliwafokea wale vijana kwa Kihindi mpaka ngoma zikanyamaza, akatandika shuka kwenye viti vya gari lake na kutupeleka. Tulipofika mlangoni mwa hospitali alitoa kipakiti cha gulal mfukoni, akamwuliza baba kwa ishara kama angeruhusu. Baba akainamisha kichwa, naye akampaka alama moja ya manjano kwenye paji la uso. Muuguzi alibadilisha plasta, akasafisha, daktari akaandika dawa, na homa niliyoisubiri siku tatu haikuja.

Mtoto wa Nyegezi
Pole sana, dada. Nimeisoma mara mbili.

Mkereketwa wa Haki
Hao vijana walistahili kufikishwa polisi. Sikukuu inayowapa watu ruhusa ya kumwagia mgonjwa maji ni ya kupigwa marufuku.

Mama wa Watatu
Kaka, usihukumu nchi nzima kwa kichochoro kimoja. Mimi nilisoma Delhi, na siku ya Holi hosteli yetu ya wasichana ilifungwa mlango ili tusisumbuliwe mitaani, jambo lililoniuma kwa sababu waliofungiwa tulikuwa sisi na si wasumbufu. Hata hivyo kule Vrindavan wajane, ambao kwa mila walitakiwa kuvaa nyeupe na kujitenga na sherehe, tangu mwaka 2013 wanarushiana rangi na maua hadharani. Ukipiga marufuku, utawanyang'anya na hao.

Mzaliwa wa Kisutu
Kumwagia mgonjwa ni kosa hata kwetu, na hakuna maneno ya Holi yanayolifuta. Bibi yangu alitufundisha kumtazama mtu machoni kwanza kabla ya kumpaka.

Mwanafunzi Mtarajiwa
Naondoka Agosti kwenda Punjab. Naombeni ushauri.

Msafiri wa Pune
Jipake mafuta ya nazi mwili mzima na nywele. Uliza kila glasi ya thandai kabla ya kuinywa, kwa maana maziwa yale ya lozi na iliki mara nyingine hutiwa bhang, na neno letu bangi limetoka huko huko.

Mtoto wa Nyegezi
Nazi haitoshi, tumia mafuta ya haradali. Ukiona rangi za kung'aa za kijani, kimbia, kwani kuna zinazotengenezwa kwa mrututu, nazo huchoma macho.

Mama wa Watatu
Mafuta yoyote yalinifanya ninate vumbi la jiji zima. Vaa mikono mirefu, kisha ujisugue kwa unga wa dengu na mtindi, na usithubutu kutumia mafuta ya taa.

Mkereketwa wa Haki
Kaa ndani.

Msafiri wa Pune
Binti wa Ngamiani, mzee anaendeleaje?

Binti wa Ngamiani
Baba mdogo alimpa figo, na sasa yuko nyumbani Tanga. Ile alama ya manjano hakukubali niifute mpaka jioni. Ikifika Machi huniuliza Holi ni lini.

Mzaliwa wa Kisutu
Mwambie kuni zimeshapangwa. Akiwa na safari ya Dar es Salaam, aje wakati wa magharibi na nazi moja. Bisi na tende za kutia motoni tutampa sisi.