Mjadala: Mama mkimbizi akihitaji upasuaji wa uzazi, mume asubiriwe?

Mwanzilishi wa mada: Wadau, mimi ni mkalimani wa Kisomali kwenye wodi za uzazi hapa Nairobi. Kuna usiku mmoja haujanitoka. Mama mkimbizi, uchungu tangu alfajiri, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Daktari akasema apasuliwe sasa hivi. Muuguzi akampita mama, akampa shemeji fomu. Shemeji akasema mwenye neno ni mume. Mume yuko safarini na lori, simu haipatikani. Tukakaa karibu saa mbili nzima, fomu iko mezani, kalamu juu yake. Mama alikuwa na fahamu zake timamu. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Mtoto alizaliwa hai, lakini hakulia.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya, ya uzazi ikiwemo. Haikusema kila raia. Sasa saini ya mume ni ya nini?

Mchangiaji, Eastleigh: Dada, usitufanye wakatili. Wanaokataa kisu mara nyingi ni wanawake wenyewe. Wanaogopa kuwa baada ya kupasuliwa mara kadhaa wataambiwa wasizae tena, na kwetu Wasomali watoto wengi ni heshima ya mama. Halafu bili? Ni mume na jamaa zake wanaochanga.

Mchangiaji, Kayole: Mimi ni Mkongomani. Nauza vitenge, unga na kodi ya nyumba vyatoka kwangu. Bado nikiumwa namwomba mume wangu ruhusa ya kwenda hospitali. Kwa hiyo hilo la bili, kaka, halinishawishi.

Mwanzilishi wa mada: Kaka, mama akikataa mwenyewe, nitalitafsiri neno lake kama lilivyo. Hiyo ni haki yake. Na nakubali waume waitwe kliniki mapema, mimba ikiwa na miezi saba, waelezwe kwa Kisomali wake zao wakiwa pale, waulize wanachoogopa. Ila usiku wa dharura fomu apewe aliyelala kitandani. Asiyejua kuandika ana kidole gumba, na wino upo. Siku hizi nikiingia wodini namwinamia yeye kwanza, namuuliza, “Wewe unatakaje?” Jamaa wakininung'unikia, nawaomba wasubiri ajibu.