Bash, Fish au PowerShell: kibadilika kinarudi kitupu

MwanaLikoni: Salaam jamaani. Ofisi yetu ya uwakala wa mizigo hapa Kilindini ina skripti ya kupanga faili za makontena. Laptopu yangu inatumia Fish (shell, yaani programu inayopokea amri unazochapa; Bash na PowerShell ni shell pia), nimeandika `set gati 14` niweke 14 kwenye kibadilika, yaani jina linaloshika thamani, inakubali. Kwenye seva yenye Bash haitoi kosa lolote, ila `$gati` ni tupu. Bosi naye anataka iende hadi Windows. Tushike ipi?

FundiTononoka: Mtego ndio huo. Kwa Bash, `set gati 14` ni halali: `gati` inaingia `$1`, 14 inaingia `$2`, yaani hoja ya kwanza na ya pili ya skripti, wala si kibadilika kiitwacho `gati`. Ndiyo maana iko kimya. Andika `gati=14`, bila nafasi kando ya alama ya sawasawa. Ukiacha nafasi, Bash itaitafuta amri iitwayo `gati`.

binti_kisauni: Na `set -x` je? Kwa Bash inaonyesha kila amri inapoendeshwa, mie ndiyo naanza nayo nikisaka hitilafu. Kwa Fish inakipitisha kibadilika kwa programu utakazoanzisha. Kuchungulia thamani: Fish `set --show gati`, Bash `declare -p gati`. Tena weka `set -u` juu ya skripti ya Bash, isimame ikikuta kibadilika kisichowekwa badala ya kuendelea na utupu.

Mzee_wa_Bamburi: PowerShell, shell ya Microsoft, yataka dola hata wakati wa kuweka: `$gati = 14`, na nafasi haziidhuru. Vibadilika vya mazingira, vile vinavyopitishwa kwa programu nyingine, ni `$env:GATI`. Mwenye hila ni cmd, shell ya zamani ya Windows. Ukiandika `set gati = 14`, jina lenyewe linabeba nafasi mwishoni, kwa hivyo `%gati%` ndani ya faili ya bat (skripti ya cmd) inatoka tupu. Huyo muepuke kabisa.

FundiTononoka: Langu ni Bash. PowerShell inaendeshwa kwenye Linux pia, lakini itabidi uisakinishe sevani. Windows ina WSL, sehemu ya kuendeshea Linux ndani yake, Bash inakaa humo. Fish baki nayo kwa kuchapa tu. Laini ya kwanza ya skripti iwe `#!/usr/bin/env bash`, kisha iite kama `./panga.sh`, hata ukiwa ndani ya Fish itasomwa na Bash.

MwanaLikoni: Shukran, 14 imeonekana. Sasa faili kama `bili ya Machi.pdf` inavunjika vipande vitatu.

binti_kisauni: Ifunge kwa nukuu, `"$faili"`. Fish haikati kwenye nafasi, Bash inakata.