Jiko la kuni la dola 5,200 nusura lituunguzie nyumba, wauzaji wanang'ang'ania eti kuni zangu mbichi!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia. Niko Maine, kaskazini mashariki ya Marekani. Mnaoishi majimbo ya baridi mtanielewa upesi, na walio nyumbani naomba nao wasome, maana kilichoniuma zaidi hapa ni kule kudharauliwa.

Septemba mwaka jana nilinunua jiko la kuni, yale ya chuma ya kupashia nyumba joto, lenye themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto. Dola 5,200 pamoja na kufungiwa bomba. Hiyo ni hela ya zamu za usiku, zangu na za mke wangu.

Kwa ambao hawajayaona: themostati ya jiko hili haitumii umeme. Ndani yake kuna springi bapa iliyoviringwa kama ile dawa ya mbu ya kuchoma. Imetengenezwa kwa metali mbili zilizoshikanishwa, na moja inatanuka kuliko nyingine, hivyo ikipata joto inajisokota yenyewe. Springi imeshika mnyororo mwembamba kama mkufu, na mnyororo umeshika kilango cha bati kinachoingiza hewa. Jiko likipoa, mnyororo unavuta, kilango kinafunguka, moto unapata hewa. Jiko likipata moto sana, mnyororo unalegea na kilango kinashuka kwa uzito wake. Unapanga kiwango kwa kitufe, unajaza kuni, unakwenda kulala, na asubuhi unakuta makaa bado yapo.

Miezi miwili na ushee lilifanya kazi vizuri sana. Desemba nikawaita wale wauzaji waje kufunga feni ya nyuma, ya kusambaza joto. Akaja kijana wao, akafungua bati la nyuma, akafunga feni, akaondoka.

Usiku wa tatu baada ya hapo, mke wangu aliamshwa na harufu ya rangi inayoungua. Nje ilikuwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Nikashuka sebuleni, bomba juu ya jiko limeiva, jekundu kabisa gizani. Sindano ya kipimajoto imevuka alama ya hatari. Kitufe kiko namba moja, chini kabisa, mahali ambapo kilango kinatakiwa kiwe kimefunga. Watoto wangu watatu wamelala ghorofani. Mke wangu akawabeba na mablanketi akawapeleka kwenye gari. Mimi nikachukua foili ya jikoni nikaziba tundu la hewa nyuma ya jiko, mlango sikuugusa. Zikapita kama dakika ishirini, moto ukaanza kutulia. Zimamoto sikuwapigia, na hapo nilikosea. Bomba likiiva namna ile piga 911 kwanza, kwa sababu masizi yaliyoganda ndani yakishika moto, unaweza kupanda mpaka kwenye paa.

Sasa shikeni hili la foili, ndiyo hoja yangu yote. Niliziba tundu, moto ukatulia. Maana yake hewa ya ziada ilikuwa inapita palepale penye kilango cha themostati. Ingekuwa inavuja mlangoni au kwenye ufa, foili isingebadilisha kitu.

Asubuhi nikapiga simu dukani nikaeleza kila kitu, pamoja na feni. Jibu la yule mama wa mapokezi: kuni zako mbichi. Nikamwambia dada, kuni mbichi zinafanya moto uzubae, utoe moshi, uchafue kioo. Haziivishi bomba. Akanijibu kwamba watu waliotoka nchi za joto mara nyingi hawajui kutumia majiko ya kuni.

Wakuu, mimi nimezaliwa Makete, Njombe, Tanzania. Kule Juni na Julai unaamka nyasi zimeganda jalidi. Nimekua na moto wa kuni za miwati, bibi yangu alikuwa anajua kuni iliyokauka kwa kugonga mbili na kusikiliza mlio. Na hizi za huku ni za mwaloni, zimekaa bandani miaka miwili, nikazipasua na kuzipima katikati kwa kipimo cha unyevu: asilimia 16. Inayotakiwa ni chini ya 20. Nikawatumia picha. Hawakuijibu.

Baada ya siku nne wakamleta fundi mwingine. Dola 175 za kuja tu. Akasimama, akatazama bomba, akasema mvuto wa moshi umezidi, yaani bomba linavuta hewa kupita kiasi. Nikamuuliza amepima na nini, hakuwa na kipimo chochote. Nikamwomba afungue bati la nyuma aangalie kilango. Akasema hiyo ni kazi ya siku nyingine. Wa tatu akasema ni gasketi, ile kamba ya mlangoni, akaibadilisha kwa dola 140. Kabla hajaja nilikuwa nimeipima kwa noti: unafungia noti mlangoni, unavuta, ikitoka kirahisi gasketi imechoka. Niliuzunguka mlango mzima na haikutoka hata sehemu moja. Nilimweleza na hakunisikiliza. Usiku ule ule jiko likaanza tena, nikarudi kwenye foili.

Jumamosi iliyopita nikaliacha jiko lipoe kabisa, nikachomoa waya wa feni, nikachukua bisibisi nikafungua bati mwenyewe. Nikaazima draya ya nywele ya mke wangu nikaipulizia springi. Springi ikacheza vizuri, mnyororo ukalegea, lakini kilango kikabaki juu, wazi kama upana wa kidole. Nikamulika tochi. Skrubu moja ya kushikia feni ni ndefu kuliko wenzake, ncha imetokeza ndani, na mnyororo umenasa hapo. Skrubu moja wakuu! Nikaweka fupi, nikapuliza tena, kilango kikashuka mpaka chini. Jiko sasa linatii kitufe kama Oktoba.

Ila madhara yamebaki. Katalisti, kile kipande chenye matundu kama sega la nyuki kinachochoma moshi, kimepasuka. Bati la ndani juu ya moto limepinda. Nimewaandikia barua pepe na picha zote, nikidai wanirudishie dola 315 na wabadilishe hivyo vipande. Jana wamejibu kwa mistari miwili: nimefungua jiko mwenyewe, kwa hiyo waranti imekufa. Wanaokataa kufungua bati ni wao, na mimi nikifungua ndiyo kosa langu?

Mwenye jiko kama hili na lina matatizo, jaribu foili kwanza, kisha noti, kisha draya likiwa baridi. Kama shida yako ni kinyume, moto unakufa na kioo kinakuwa cheusi, angalia kilango kisiwe kimegandia chini kwa majivu na masizi, na hapo ndipo upime kuni. Alamu ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, iwepo hata kama jiko ni jipya.

Naomba msaada wa mambo mawili. Kuna yeyote hapa aliyewahi kupeleka duka mahakama ya madai madogo huku Maine, tena bila wakili? Na je, ripoti ya fundi wa kujitegemea wa mabomba ya moshi inakubalika kama ushahidi, au wanataka mkaguzi wa zimamoto?

MREJESHO: Kuna aliyeniuliza PM (ujumbe wa faragha) kama nilitupa ile skrubu. Sijaitupa. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na risiti zote tatu, na niliupiga picha mnyororo ukiwa umenasa kabla sijagusa kitu. Mke wangu alishika tochi, tarehe na saa zinaonekana.