Tupeane uzoefu: Kikundi gani kilikushika mkono hapa Dar, na vijana walifanya nini ndani yake?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Wengi wetu mji huu tumeuingia peke yetu. Shangazi yuko Tukuyu, baba mdogo yuko Kasulu, na ukizidiwa saa nane usiku anayekutafutia bajaji ni mpangaji mwenzako au mtu mnayecheza naye upatu. Ndiyo maana kila mtaa una vikundi: vikoba, kufa na kuzikana, jumuiya, kijiwe cha bodaboda, umoja wa waliosoma pamoja.

Na si jambo la jana. African Association, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU, ilianzishwa hapa hapa Dar mwaka 1929, klabu ya Yanga 1935, Simba 1936. TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954 iliukuta mji umeshajipanga. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake kwenye chama mwaka 1955 alipitia vikundi vya ngoma, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba na wenzake wa ngoma nyingine walikuwa wanamfahamu. Watu walikuwa tayari wanaaminiana kwa arusi na misiba, siasa ikapita njia hiyo hiyo.

Ninachotaka tusimuliane ni upande wa vijana. Kwenye vikundi vingi tunaitwa kubeba viti na kufunga turubai. Daftari na ufunguo vinakaa kwa wakubwa. Naamini kijana akikabidhiwa hesabu mapema ndipo anaanza kuitumikia jamii kweli. Leteni yaliyowakuta.

Mdau wa Mbagala

Baba alipofariki sikuwa na hela ya jeneza, achilia mbali gari la kumpeleka Masasi. Kabla sijamaliza kulia, katibu wa kufa na kuzikana alikuwa ameshafika na daftari la rambirambi. Turubai, sufuria, viti, kila kitu kilitoka stoo ya kikundi. Baba alikuwa analipa ada yake ya mwezi na mimi nilikuwa naiona hela inayopotea bure. Sasa kadi hiyo naiendeleza mimi. Vijana wa mtaa wetu ndio wanaopika, wanaosimamia maji, wanaosindikiza mwili hadi kijijini. Mleta mada usiidharau kazi ya viti. Siku ile nilimkumbuka kila aliyebeba.

Mleta mada

Pole sana mkuu, na asante. Sijaidharau, nasema isiishie hapo.

Dada wa Manzese

Kikoba cha mama kinakutana Jumapili. Wananunua hisa, wanatoa mfuko wa jamii wa ugonjwa na msiba, kisha wanakopeshana. Kasha lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, kwa hiyo hakuna anayelifungua peke yake. Utaratibu mzuri. Tatizo lilikuwa daftari. Mama watu wazima wengine hawasomi vizuri, mwandishi akikosea jumla, mwenye hisa anaumia na hana pa kuanzia kuuliza.

Mimi na binti wa jirani tuliomba tu tukae pembeni, tusome kila hesabu kwa sauti kabla kikao hakijafungwa. Mwanzoni walinuna, wakaona watoto tunawachunguza. Mama mmoja alipogundua marejesho yake yaliandikwa kwa mwenzake, ndiye aliyetutetea. Baadaye tukawa tunamtumia kila mwanachama salio lake kwa simu.

Faida kubwa nimeiona kwa wale waliokuwa wamenaswa na kausha damu. Mtu anakopa leo, jioni ya kesho anadaiwa rejesho, akichelewa wanabeba godoro na jiko la gesi. Wawili walitoka huko kwa sababu kikoba kiliwakopesha kwa riba wanayoijua, na waliamini hesabu. Kuaminika kwa hesabu ndiko kulikowarudisha kikaoni.

Mzee wa Temeke

Wanangu, nawapongeza, lakini semeni na upande wa pili. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa muda mrefu. Vijana wanakuja na katiba iliyonakiliwa, wanataka ule mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Fedha ya umma ile. Wakishaipata, ndani ya miezi kikundi hakipo, simu hazipokelewi. Mnajua ilifika mahali mikopo ikasimamishwa mwaka 2023 mpaka utaratibu upangwe upya. Kundi lililokutanishwa na mkopo linaachanishwa na mkopo huo huo.

Kijana wa Ubungo

Shikamoo mzee. Usemayo ni kweli na nimeyaona. Ila angalia na sababu. Kijana anaambiwa hawezi kukopa akiwa peke yake, basi anaokota majina. Hawa watu hawajawahi kuzikana, hawajawahi hata kuchangiana nauli. Wataaminiana kwa lipi?

Kijiweni kwetu tulianza tofauti. Kila bodaboda alitoa buku, yaani shilingi elfu moja, kwa siku, kwa ajili ya mwenzetu akipata ajali. Mwenye mguu uliovunjika halali njaa, na bosi mwenye pikipiki anapelekewa hela yake ya siku asimnyang'anye chombo. Tulikaa hivyo muda mrefu bila kuwaza mkopo. Tulipokwenda kuomba, afisa maendeleo ya jamii alikuta daftari limeshajaa. Tunarejesha mpaka leo.

Mzee wa Temeke

Marahaba. Hilo nimelipokea, nitalisema kwenye kamati.

Mdau wa Mabwepande

Sisi tulikuwa bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipopita, baadhi yetu tuligawiwa viwanja huku Mabwepande na wengine walibaki mjini. Upatu wa mama zetu ulikufa, maana kijumbe, yule anayekusanya michango, alizoea kupita nyumba kwa nyumba na sasa nauli ilikula mchezo. Walioufufua ni vijana, kwa kukusanya michango kwa simu na kumpa kijumbe orodha ya waliotuma. Mama yangu hata leo akiumwa, wa kwanza kupiga ni jirani wa kule tulikotoka.

Muuguzi, Ilala

Naongeza jambo ambalo vijana wanaliweza kuliko mtu yeyote: damu. Mgonjwa akitumia damu, mara nyingi ndugu huombwa waje kuchangia ili akiba isiishe. Sasa yule asiye na ndugu mjini aende wapi? Mama anavuja damu baada ya kujifungua, mume yuko machimboni Geita, mlangoni hakuna mtu.

Chembe nyekundu hazitunziki kama mchele. Hata kwenye jokofu lake hukaa wiki tano au sita tu. Kwa hiyo watu wengi kuchangia siku moja ya sherehe, kisha kimya, haitusaidii sana. Tunahitaji wanaorudi. Ukiwa na miaka 18 na kuendelea, kilo 50 na afya njema, mwanaume anaweza kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Kuna kwaya moja hapa wamegawana zamu kwa sauti: mwezi huu besi, ujao soprano. Wakija tunapumua.

Mdau mgeni, Gongo la Mboto

Nimesoma yote. Tuko wanane, tunacheza mpira pamoja na tunachangiana mtu akifiwa. Hatuna jina wala karatasi. Tuanzie wapi?

Mleta mada

Mmeshaanza, mkuu. Andikeni mnachokifanya sasa: nani anachangia kiasi gani, lini, na mtu akifiwa anapewa nini. Hiyo ndiyo katiba yenu ya kwanza. Pelekeni kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkianza kuweka akiba na kukopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawaweka daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, mnasajiliwa kupitia halmashauri. Rasimu ikiwa tayari iweke hapa, Dada wa Manzese atatusaidia kuipitia upande wa hesabu.