Tupeane uzoefu: gitaa kavu lenye pikapu, la bei ya kati, limekufanyia nini huku pwani?

Nyuzi Sita, Malindi

Salaam aleikum, na hamjambo nyote. Leo sitaki ubishi wa nani anajua kupiga. Nataka tuambiane ukweli juu ya haya magitaa kavu ya bei ya katikati yenye pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti na kuipeleka kwenye spika. Si yale ya elfu saba yanayoning'inia dukani kati ya feni na pasi, wala si yale ya laki mbili tunayoyaona mikononi mwa wageni. Naongelea elfu ishirini na tano mpaka sitini hivi. Umekaa nalo muda gani, limekuharibikia wapi, na ungelinunua tena?

Naanza mimi. Langu nililinunua Mombasa mwaka 2019, shilingi 38,000 pamoja na mfuko. Uso plaiwudi, mgongo plaiwudi, mbavu plaiwudi, na muuzaji aliona haya kidogo kuniambia. Akanishushia na jingine la 55,000, uso wake ubao mmoja wa sprusi. Pesa hiyo sikuwa nayo. Nikarudi Malindi na plaiwudi yangu, moyo mzito. Leo nikitazama yaliyowafika wenzangu, naona ufukara uliniokoa.

Napiga hotelini Ijumaa mpaka Jumapili, na jukwaa liko hatua chache kutoka mchangani. Kusi ikivuma, pitisha kidole kwenye uso wa gitaa asubuhi kisha kilambe: chumvi. Skrubu za masikio ya kukazia nyuzi zimeshika kutu zote. Za kile kisanduku cha kurekebishia sauti ubavuni, mbili zimekatika vichwa nilipojaribu kuzifungua. Lakini mbao yenyewe haijasogea. Plaiwudi ni matabaka yaliyolazwa kwa kupishana, hili likitaka kutanuka lile linalishika. Ubao mmoja hauna wa kuushika.

Nyuzi ndizo zinazonimaliza. Za shaba za kawaida nilikuwa nabadilisha kila wiki ya tatu, zinageuka nyeusi na kulia kama kamba ya kuanikia nguo. Sasa nanunua zilizopakwa utando. Bei yake ni mara mbili na zaidi, lakini zinanifikisha miezi miwili na nusu.

Sauti ya pikapu siisifu. Ile chembe iliyolazwa chini ya mfupa wa daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya uso, inahisi mgandamizo wa nyuzi tu, hewa ya tumboni mwa gitaa haiisikii. Ukiipeleka kwenye spika vivi hivi inalia kama bata. Punguza sauti za kati, utasamehewa.

Haya, leteni yenu.

Binti Shela

Kaka Nyuzi Sita, mimi ndiye wa lile la pili. Ubao mmoja, elfu hamsini na sita, nikalivusha kutoka Mokowe mpaka kisiwani Lamu nimelipakata kama mtoto mchanga.

Chumba changu kiko ghorofa ya juu, dirisha linatazama bahari. Miezi ya kwanza tulipendana. Ikaja Mei, masika yamekaza, nikaona nyuzi zimepanda. Ule mpangilio wa vidole wa F ukawa unataka nguvu za kukamua tui. Nikaliweka gitaa usawa wa macho nikalitazama kwa ubavu: uso umevimba nyuma ya daraja kama tumbo la mtu aliyetoka karamuni. Nikampelekea kijana mmoja anayejua kurekebisha, akautoa mfupa, akausugua msasa kwa chini mpaka nyuzi zikashuka. Raha iliyoje! Kufika Januari, kaskazi, mvua hakuna, uso ukashuka na nyuzi zikashuka nao. Kila nikibonyeza, zinakoroma kwenye freti, vile vyuma vya shingoni, kama nzi ndani ya chupa. Nikanunua mfupa mpya. Kumbe ule wa kwanza tuliukata kwa makosa ya mvua.

Ndugu yangu aliyeko Nairobi akaniletea kipimo cha unyevu, kidogo kama saa ya mezani. Watengenezaji husema gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 mpaka 55. Chumbani kwangu kikasoma 79. Nikasema hiki kibovu, nikakitoa barazani, kikasoma 82.

Basi sasa nina mifupa miwili, wa masika na wa kaskazi, nimeiandika kwa penseli. Gitaa halikai nje tena, linalala ndani ya kasha gumu na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo navikausha kila wiki. Atakayekwambia utie mchele kwenye soksi, mwambie nimeshajaribu. Nilipata fukusi.

Lakini kulibadilisha kwa plaiwudi, hapana. Usiku stima ikikatika, nikilipiga barazani bila spika, mtu aliye uchochoro wa pili anasimama kusikiliza. Plaiwudi yako, kaka, inasimamisha nani?

Nyuzi Sita, Malindi

Watalii wawili na paka. Inatosha.

Mwana wa Kwaya, Malindi

Yangu ni ya betri, na bado naona haya kuisimulia.

Gitaa letu la kanisani linatumia betri ya mraba ya volti 9. Tulilinunua kwa mchango, elfu thelathini na mbili. Alhamisi tukafanya mazoezi, na kile kitaa chekundu cha betri kuisha kikawaka. Nikasema Jumamosi bado iko mbali. Nikaliegemeza ukutani na kebo yake imo, nikaenda zangu.

Jumamosi ni harusi. Bibi harusi ameshaingia mlangoni, mimi nimeshaanza. Sauti ikaanza kukwaruza kama redio inayotafuta stesheni, ikazama, ikazama, kimya. Mama mmoja wa sauti ya pili ndiye aliyeokoa jahazi, akaupandisha wimbo kwa mdomo na wenzake wakamfuata. Mimi nikaendelea kuchezesha vidole ili picha zitoke vizuri. Kwenye video naonekana napiga vizuri sana.

Nikabadilisha betri. Wiki mbili, imekufa tena. Nikaanza kuamini gitaa ni bovu tangu dukani.

Fundi Mitambo, Watamu

Si bovu. Kwenye haya magitaa jeki, lile tundu la kuchomekea kebo, ndiyo swichi. Ukichomeka kebo, mkono wa kebo unaunga njia ya betri na kile kisanduku kinaamka, hata amplifaya ikiwa imezimwa, hata upande wa pili wa kebo ukiwa haukuchomekwa popote. Ulipoliegemeza na kebo, liliwaka Alhamisi usiku kucha na Ijumaa kutwa. Chomoa kebo kila ukimaliza, betri hiyo itakaa miezi. Na ya akiba itie kwenye mfuko wa gitaa, dukani siku ya harusi hutaipata.

Mimi gitaa sipigi, kazi yangu ni kuyasemesha. Naona yenu yote kutoka nyuma ya mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, na malalamiko ni mawili: kuvuma na kupiga mluzi.

Kuvuma ni ile sauti ya nyuki, "mmmm", hata ukiwa hujagusa kitu. Umeme wetu unakwenda mizunguko 50 kwa sekunde na ndiyo unaousikia. Mara nyingi amplifaya ya mpiga gitaa imechomekwa ukuta huu, mikisa imechomekwa ukuta ule, zikakutana kwa kebo na waya wa ardhi ukawa na njia mbili. Jaribu kwanza kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Bado inavuma? Tafuta boksi la DI, kisanduku cha kuunganishia gitaa na mikisa, lenye kitufe cha kutenganisha ardhi. Tafadhali, usikate ule mguu wa tatu wa plagi ili kunyamazisha kelele. Nimeshawakuta waliokata, na mmoja alipigwa na umeme wa maikrofoni mdomoni mbele ya watu.

Mluzi ni gitaa kusikia spika yake lenyewe. Tumbo lile ni sanduku, spika ikilielekea, uso unatikisika, pikapu inachukua, spika inatoa tena, mbio zinaanza. Sogea pembeni ya spika, punguza besi, na ziba tundu kwa kile kifuniko cha mpira. Kama huna, kipande cha godoro kilichokatwa mviringo kitafanya kazi. Hapa plaiwudi ya Nyuzi Sita inashinda, samahani Binti Shela. Uso mzito haupigi mluzi haraka.

Binti Shela

Nimesikia. Bado hajasimama mtu uchochoroni.

Abiria wa Mokowe

Mimi langu lilikufa kwenye basi, likafufuliwa na fundi wa mashua.

Natoka Malindi kwenda Amu (Lamu), konda akakataa nisiingie nalo ndani. Nikalitia kwenye buti, upande wa injini, nyuzi zikiwa zimekazwa kama za tamasha. Garsen, Witu, jua la saa saba. Mokowe nikalipokea, mfuko una joto kama mkate. Nyumbani nikalifungua: daraja limebanduka kwa nyuma, karatasi inapita chini yake mpaka katikati. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta uso kwa uzito wa kilo sabini na kitu, na gundi ya mbao ikipata joto inalegea. Mambo mawili hayo hayakai buti moja.

Nikamtafuta mjomba wa rafiki yangu, mtu wa Matondoni, ameunda mashua maisha yake yote. Akaligeuza, akaligonga kwa ukucha, akacheka. "Hii mbao nyembamba hivi inabeba nini?" Nikamwambia sauti. Akaleta gundi ya araldaiti, akalishindilia na jiliwa mbili za mbao, siku mbili. Halijaachia tena, huu mwaka wa nne.

Fundi Randa, Amu

Halitaachia, na siku ukitaka kulitoa litatoka na uso wake. Mimi ni seremala wa milango na viti, si wa magitaa, lakini hili nalijua. Gundi nyeupe ya mbao unaweza kuilainisha kwa joto na kisu chembamba ukalibandua daraja salama. Araldaiti inashika kuliko mbao inavyojishika. Mjomba kakufanyia kazi ya mashua: ndani ya maji hakuna anayetaka ubao ubanduke.

Nyingine ambayo wateja huniletea ni kunitaka niwarudishie shingo iliyopinda kwa randa. Wallahi siigusi. Ndani ya shingo mna chuma cha kuinyoosha, na tundu lake aghalabu liko mwanzo wa shingo au ndani ya tundu la sauti. Ni alenki, ule ufunguo wa pembe sita, unayoizungusha robo mzunguko, ukalala, ukaangalia kesho. Kijana mmoja alizungusha mbili kwa pupa, chuma kikakatika. Robo tu, jamani.

Mzee wa Galatoni, Amu

Wanangu, nawasoma nacheka. Sisi gitaa kavu tuliliita galatoni, kwa sababu yaliyotufikia zamani yalikuwa Gallotone ya Afrika Kusini. Hata John Lennon wa Beatles la kwanza lake lilikuwa hilo hilo. Pikapu yake ilikuwa ni kuweka maikrofoni karibu na kuomba dua.

Mimi ni mtu wa udi na taarabu, gitaa nimelishika uzeeni. Langu niliachiwa na Mdachi aliyetia nanga hapa na mashua yake ya tanga, akataka kupunguza mizigo. Elfu thelathini. Ni Ovation, si ile ghali ya Marekani, ni ya daraja la chini yake, na mgongo wake si mbao. Ni bakuli la plastiki na nyuzi za kioo, kama boti za faiba pale gatini. Kampuni hiyo aliianzisha Charles Kaman miaka ya 1960, Mmarekani aliyekuwa akiunda helikopta, na wao ni miongoni mwa wa kwanza kuyatoa kiwandani na pikapu chini ya mfupa. Wajukuu zangu wanaliita Kasa.

Kasa huyu mgongo wake hajui masika wala kaskazi. Uso ni mbao, kwa hiyo huko mbele hununa kama la Binti Shela, lakini kidogo. Kwenye spika ni safi kuliko mengi niliyoyasikia. Sasa kasoro yake: kwenye kikoi linateleza. Limebiringika, mapaja yangu yamebiringika, na mimi nimeketi barazani nimevaa kikoi. Nilikuwa nikifika kwenye mapambio najikuta gitaa limenitazama usoni. Nilifunga mkanda wa begani nikapumua. Na pasipo spika sauti yake ni nyembamba, siwadanganyi.

Kwenye udi tulifundishwa: ukimaliza, legeza kidogo kabla ya kutundika. Abiria wa Mokowe angekuwa kaketi nasi siku moja, daraja lingekuwa mahali pake.

Abiria wa Mokowe

Shikamoo mzee. Sasa hivi nalegeza hata nikivuka tu kwenda Manda.

Natafuta la Kwanza, Langoni

Nimesoma yote na nimechanganyikiwa zaidi. Nina elfu arobaini na tano. Nataka kuimbia nyumbani na pengine kupata vibarua vya hoteli za Shela. Plaiwudi au ubao mmoja?

Nyuzi Sita, Malindi

Plaiwudi ya elfu thelathini na tano, inayobaki nunua nyuzi za utando seti mbili, kebo nzuri na kasha. Kibarua kikikosekana hujaumia. Na kabla hujalipa, lichomeke dukani, piga kila waya peke yake usikie kama kuna mmoja wenye sauti ndogo kuliko wenzake. Langu waya wa tano ulikuwa mnyonge kwa sababu mfupa haukulalia pikapu sawasawa. Nikaja kuligundua Malindi, siku nne baadaye.

Fundi Mitambo, Watamu

Naunga mkono. Na uliza kile kipimo chake cha sauti ya nyuzi wakati wa kukaza kama kinafanya kazi. Kile cha kujengewa ndani ndicho kitu ninachokipenda zaidi kwenye haya magitaa, mpigaji anakaza kimya badala ya kututesa na "ting, ting, ting" kwenye spika.

Binti Shela

Wasikuharakishe. Langoni na Shela ni mwendo wa miguu kwa ufuo. Njoo ulijaribu langu barazani, kisha ukatafute la plaiwudi ulijaribu pia, uamue kwa masikio yako. Ila usije mwezi wa Mei. Mei limenuna, na ule mfupa wa masika bado haujakaa vizuri.