Tupeane uzoefu: Ni nini hasa kilibadilishwa kazini kwako ulipoelemewa?

Mwanzisha mada

Ndugu wanachama, semina za afya ya akili kazini zimekuwa nyingi siku hizi, hasa ifikapo tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Mtaalamu analetwa, chai na sambusa zinaandaliwa, picha ya pamoja inapigwa, kisha Jumatatu kila mtu anarudi kwenye mzigo uleule. Shirika la Afya Duniani lilipoutambua mwaka 2019 uchovu wa kupindukia wa kazini, lilisema wazi kuwa hiyo ni hali inayotokana na kazi, wala si ugonjwa wa mtu. Kwa hiyo naomba tuelezane ni nini kilibadilishwa katika kazi yenyewe, kikakupa nafuu. Majina ya ofisi tuyaache.

Muuguzi wa Wodi ya Wazazi

Nafanya kazi katika hospitali ya mkoa. Mama mmoja alifariki mikononi mwetu usiku kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, na katika kikao cha kujadili kifo hicho, ambacho kwa utaratibu si cha kumtafuta wa kulaumiwa, niliulizwa maswali kama mtuhumiwa. Tangu hapo usingizi ukanipotea, na kila niliposikia magurudumu ya kitanda yakipita koridoni mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kuvuta dawa kwenye sindano.

Muuguzi mfawidhi ndiye aliyeliona hilo, wala hakunipa hotuba. Alinifungia mlango wa ofisi yake, akaikunjua ratiba ya zamu mezani, akafuta jina langu kwenye usiku wote wa mwezi ule na kuniandika kliniki ya wajawazito; wenzangu akawaambia tu kwamba kliniki ina upungufu wa watu, jambo ambalo lilikuwa kweli. Baadaye aliweka utaratibu kwamba kila kikitokea kifo, waliokuwa zamu wakae pamoja kidogo kabla ya kukabidhiana, mwenye la kusema aseme, na pasiandikwe chochote.

Karani wa Dirishani

Tawi letu la benki lilivamiwa na majambazi wenye silaha, na siku chache baadaye nilikuwa nimekaa nyuma ya kioo kilekile nikihesabu fedha. Mwajiri alitulipia mnasihi wa nje ya benki, nami namshukuru, kwa sababu tuliyozungumza hayakufika rasilimali watu. Kasoro ilikuwa kwenye ruhusa: ili kumwona mnasihi saa nane mchana ulihitaji saini ya meneja wa tawi, na kabla hujafika getini, hata mlinzi amekwisha kujua unakokwenda. Walipoturuhusu kuzungumza naye kwa simu baada ya kufunga hesabu, hata wanaume waliokuwa wakijifanya wako salama walianza kumpigia.

Msimamizi wa Malori

Nami niongee kama kiongozi. Dereva wangu wa njia ya Tunduma alinusurika katika ajali iliyomuua utingo wake, kisha akaanza kukataa safari za usiku, na ofisini wakataka aandikiwe barua ya onyo. Nilimpeleka hospitali, akapata cheti cha daktari, nikawawekea mezani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata ni kwa nusu. Ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa. Barua ya onyo haikuandikwa tena.

Mwanachama wa Nairobi

Watanzania mna bahati. Huku kwetu, kiwango cha chini katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kwa mwaka, ilhali dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaona tofauti. Nilimalizia kwa kula likizo yangu ya mwaka. Kilichonisaidia zaidi ni meneja mpya aliyepiga marufuku kutumiana kazi kwenye kundi la WhatsApp baada ya saa kumi na moja jioni, naye mwenyewe akaiheshimu amri hiyo.

Mwalimu wa Kata

Sisi hatuna mnasihi wala rasilimali watu. Walimu wenzangu waligawana vipindi vyangu mpaka nikatengemaa, basi.

Mwanzisha mada

Dada Muuguzi, samahani kwa kukuuliza: kuhamia kliniki hakukukugharimu?

Muuguzi wa Wodi ya Wazazi

Kulinigharimu, kaka. Posho ya kuitwa kazini nje ya saa ilikatika mara moja, na ndiyo niliyokuwa nikiitegemea kwa ada ya mtoto, kwa hiyo najua wenzangu wawili wanaonyamaza kwa sababu hiyohiyo. Nimerudi wodini sasa kwa ombi langu mwenyewe, ila tumekubaliana na mfawidhi kwamba sipangwi usiku nikiwa muuguzi peke yangu.