Namba ya simu kama ufunguo mkuu: tunajinasuaje?

mtunza_jedwali: Wakuu habarini. Mfumo ni wa SACCO, uko kwenye hifadhidata ya MySQL, una miaka 4. Mwanzoni, ili kuwahi, namba ya simu ilifanywa ufunguo mkuu (kitambulisho cha kipekee cha kila mstari) wa jedwali la wanachama, na salio likawekwa kama FLOAT (namba ya desimali ya kukadiria). Leo majedwali 14 yanabeba namba hiyo. Mwanachama akibadili laini, tunarekebisha kote kwa mkono. Tuandike upya?

senti_kamili: Msiandike upya. Anzeni na salio, huko data inaharibika kila siku. FLOAT ya baiti 4 ina uhakika wa namba nzima hadi 16,777,216 tu. Hapo ukiongeza shilingi 1 haionekani. Senti hupotea mapema zaidi: ukivuka 131,072, namba zinaruka kwa 1/64, yaani zaidi ya senti moja. Kubadili safu iwe DECIMAL(18,2), yaani desimali kamili yenye tarakimu mbili za senti, peke yake ni kuhamisha kosa likiwa zima. Ongezeni safu mpya, mkokotoe salio upya kutoka kwenye miamala, mlinganishe mwanachama kwa mwanachama. Kama hata miamala ni FLOAT, rudini kwenye taarifa za benki na za malipo ya simu.

mtunza_jedwali: Nimekuelewa mkuu. Na ufunguo? ON UPDATE CASCADE (hifadhidata yenyewe ibadili namba kwenye majedwali yote) haitoshi?

ufunguo_bubu: Haitoshi. Inafunga mistari ya majedwali yote 14 kwa pamoja, na haigusi ripoti wala faili zilizokwisha kutumwa nje. Tena laini isiyotumika hurudishwa sokoni: mmiliki mpya akijiunga, anakuta mkopo wa mtu mwingine.

Wekeni id ya BIGINT (namba nzima kubwa) isiyo na maana yoyote kwenye wanachama. Kila jedwali tegemezi lipate mwanachama_id inayoruhusu NULL (kukaa tupu). Msimbo uanze kuandika safu zote mbili *kabla* ya kujaza data ya zamani. Mkigeuza mpangilio huo, mistari inayoingia katikati inabaki tupu. Jazeni kwa mafungu ya 5,000. NULL zikiisha, hamisheni usomaji jedwali moja moja, ripoti mwisho. Safu ya zamani ikae mpaka mfunge hesabu za mwezi mzima bila tofauti.

Simu yenyewe iwe VARCHAR(15) (maandishi ya hadi herufi 15), 255 mbele, bila alama ya kujumlisha. Kabla ya hapo tafuteni 0712… na 255712… zilizosajiliwa kama watu wawili. Kuziunganisha kunahitaji karani mwenye fomu mkononi, na hiyo ndiyo kazi itakayokula muda kuliko msimbo wote.